Leseni Unayo. Sasa Nani Atakufundisha Kushuka Mlima na Mzigo?

Leo tuache kidogo daftari la madeni na mambo ya kupanga bei, tuongelee gari la mzigo. Najua wengi humu mmeshanunua kirikuu, na wengine mko kwenye vikoba mnajikusanya. Ukishapata gari na leseni unajiona umemaliza. Bado. Leseni inasema umefaulu mtihani. Haisemi kwamba unaweza kushuka kutoka Kibosho mvua inanyesha, nyuma umejaza ndizi, na mbele yako bodaboda amebeba abiria wawili.

Mimi nina duka hapa Shirimatunda. Sukari, mafuta ya kula na sabuni nachukua soko la Mbuyuni. Mara mbili kwa wiki napandisha bidhaa kwa wenye viduka huko juu, Kibosho na Uru, na kurudi nabeba ndizi na parachichi. Faida ya safari iko kwenye kurudi na mzigo, na hatari nayo iko hapo hapo. Ndiyo maana baada ya kupata leseni nilitafuta mwalimu wa pili, wa mafunzo ya juu ya udereva. Nilizunguka wiki tatu. Nimeona niwaandikie jinsi ya kumpata, maana watu wanaosema "nafundisha" ni wengi, na ukikosea unapoteza hela na bado hujui.

ANZA NA LESENI YAKO

Toa kadi yako uangalie daraja. Daraja B ni la gari binafsi. Gari dogo la biashara, kama kirikuu yenye namba nyeupe, linataka daraja D. Malori makubwa ni E, na magari ya abiria ni familia ya C. Watu wengi wana B na wanaendesha gari la mzigo kila siku kwa sababu hawajasimamishwa. Siku likitokea jambo, bima ya kwanza kuuliza ni leseni, na daraja likiwa siyo, wanaweza kukataa kulipa. Hapo gari limekwenda, mzigo umekwenda, na mtaji umekwenda. Rekebisha daraja kwanza, ndipo utafute mwalimu wa kukuongezea ujuzi.

KWA NINI SISI WA MLIMANI

Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Mteremko wote huo gari linapokuja chini, kuna kitu lazima kilishike. Ukilishika kwa breki peke yake, breki zinapata moto. Zikipata moto sana zinapungua nguvu, na mafuta ya breki ambayo ni ya siku nyingi yananyonya unyevu, kwa hiyo yanachemka mapema. Unakanyaga, pedeli inazama, gari linaendelea. Hakuna fundi atakayekusaidia wakati huo.

Ongeza na mwendo. Ukitoka spidi 30 kwenda 60, umbali ambao breki zinahitaji ili gari lisimame hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Halafu ongeza mzigo. Kirikuu zetu zimetengenezwa Japani, na kule sheria ya gari la saizi hiyo ni mzigo usiozidi kilo 350. Piga hesabu ya duka: ni mifuko 7 ya sukari ya kilo 50, basi. Sasa jiulize wewe huwa unapakia mingapi.

Watu wa kaskazini hatujasahau tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi lilipoacha barabara kwenye mteremko wa Rhotia, Karatu, kukiwa na mvua. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Siandiki hili kuwatisha. Naandika kwa sababu mteremko na mvua ndiyo mazingira yetu ya kazi tangu Machi mpaka Mei kila mwaka. Na Desemba ndugu wakija kuhesabiwa, barabara za huko juu zinajaa magari ambayo wenyewe hawazijui kona zetu.

WATATU NILIOONGEA NAO

Wa kwanza alikuwa wa shule moja ya udereva, jina naliacha. Kabla sijamaliza kujieleza akaniambia, "Dada, wewe una duka, tafuta dereva tu." Nikamwambia hata nikimwajiri dereva lazima nijue anachofanya na gari langu. Akanitajia bei na kusema siku tano. Nikauliza siku tano tutafanya nini. Akasema kurudi nyuma kwenye vigingi na kupaki, uwanjani. Hayo nilishafanya nilipokuwa na lena.

Wa pili alikuwa kijana aliyewahi kuendesha mabasi ya masafa marefu. Anajua gari kweli, sibishi. Lakini mazungumzo yote yalikuwa ni jinsi alivyoovateki malori matatu kwa mpigo na jinsi alivyowahi kufika. Nikamwomba tutoke kidogo anionyeshe. Alikuwa karibu sana na gari la mbele mpaka nikawa nasoma namba ya simu iliyoandikwa kwenye bodi. Nikamshukuru, nikashuka.

Wa tatu ni mzee, dereva wa lori mstaafu, ana kibali cha kufundisha na leseni ya daraja E. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha bei hakuitaja kabisa. Aliniuliza, "Mwanangu, unabeba nini, kilo ngapi, unapita wapi, saa ngapi?" Halafu akainama akaangalia tairi zangu. Ya nyuma kushoto akaigusa akasema, "Na hii hatupandi mlima. Badilisha kwanza, unipigie." Hela nilikuwa nayo mkononi na hakuichukua. Nikajua huyu ndiye.

VIPIMO VYA MWALIMU, VITUMIE KABLA YA KULIPA

1. Uliza kibali chake na daraja la leseni yake. Shule ya udereva inatakiwa iwe imesajiliwa na mwalimu awe na kibali cha kufundisha. Mtu wa daraja B hawezi kukufundisha kazi ya mzigo. Mwalimu mzuri hachukii kuulizwa, anatoa kadi.

2. Sikiliza anakuuliza nini. Anayetaja bei kabla ya kujua unabeba nini na unapita wapi anauza kitu kimoja kwa kila mtu. Ni sawa na muuza duka anayekufungashia kabla hujasema unataka nini.

3. Uliza mtafanyia wapi. Ujuzi wa juu haupatikani uwanjani. Lazima iwe kwenye gari lako, na mzigo wako, kwenye barabara yako. Aanze na gari tupu, kisha nusu mzigo, kisha mzigo kamili. Akisema mzigo si lazima, mwache. Gari lenye kilo 300 nyuma lina tabia nyingine kabisa.

4. Mwombe aendeshe huku anaongea. Hii njia madereva wa mafunzo ya juu wa Uingereza wanaitumia sana. Kule kuna chama tangu mwaka 1956 kinachowapima upya watu ambao tayari wana leseni. Dereva anasema kwa sauti anachokiona na atakachofanya: "Kushoto kuna watoto, naachia mafuta. Mbele kona, siuoni mwisho wake, naingia gia ya pili sasa." Mwalimu anayejua ataongea bila kukwama kwa sababu macho yake yako mbali. Asiyejua atanyamaza, au atakueleza jambo likiwa limeshapita.

5. Mtegee swali la nyutro. Muulize, "Nikishuka nikiweka nyutro si naokoa mafuta?" Akikubali, ondoka. Kirikuu nyingi za sasa ni za EFI. Ukiwa kwenye gia na umeachia pedeli ya mafuta, kompyuta ya gari inakata mafuta yasiende kwenye injini. Ukiweka nyutro, injini inabidi ipewe mafuta ili isizime. Kwa hiyo huokoi chochote, na umeiondoa injini kwenye kazi ya kulishika gari. Breki zimebaki peke yake.

6. Patana kwa saa za barabarani, siyo kwa siku. "Siku tano" inaweza kuwa dakika ishirini kila siku na nyingine zote mkasubiri mwanafunzi mwingine amalize. Mimi tulipatana saa, na kila saa tuliiandika tumepita wapi na tumefanya nini.

7. Angalia kama anaweza kukuambia hapana. Tairi mbovu, hapana. Mzigo umezidi, hapana. Mvua kubwa na siku yako ya kwanza, hapana. Mwalimu anayekubali kila kitu anaogopa kupoteza hela yako, na hofu hiyo atakuachia wewe.

KAMA UNATAKA CHUO

Wapo wanaopenda cheti, na cheti kina faida yake hasa ukitaka baadaye kuendesha kwa ajira. NIT, yaani Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kiko Mabibo, Dar es Salaam, na kina kozi za madereva wa abiria na wa malori. VETA wapo hata hapa Moshi, nenda ofisini kwao uulize kozi ya udereva iliyopo na inafika hatua gani. Kama mpango wako ni kuingia kwenye usafirishaji wa biashara kabisa, jua pia kuna LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ambayo inawasajili na kuwapima madereva wa vyombo vya biashara. Vipimo saba vya hapo juu vinatumika hata chuoni. Uliza tu: saa ngapi barabarani, na gari gani, na mzigo au bila?

MZEE ALINIFUNDISHA NINI

Nitaje machache muone pesa ilikwenda wapi. Gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia, na unaiingiza kabla mteremko haujaanza, siyo katikati. Breki unakanyaga kwa nguvu kidogo ukishusha mwendo, halafu unaachia zipoe. Hupumzishi mguu juu yake njia nzima. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu sekunde tatu kabla na wewe hujaipita, na mvua ikinyesha hesabu zaidi. Barabara ya udongo mwekundu ikilowa, usukani, mafuta na breki vyote vinaguswa polepole.

Kupakia nako ni udereva. Kizito kinakaa chini na karibu na kabini, chepesi juu, na kamba inavutwa mpaka mzigo usicheze. Siku ya mwisho aliniwekea trei mbili za mayai juu ya maboksi ya sabuni, akasema tuteremke mpaka mjini. Hakuzungumza njia nzima. Tulipofika alifungua, akahesabu mayai, akakuta yote mazima. Akasema, "Sasa nenda kafanye biashara." Kwa mtu wa duka huo mtihani unaeleweka. Dereva anayefikisha mayai mazima anafikisha na watu wazima, na klachi, tairi na breki zake zinadumu.

KWA MWENYE DEREVA WA KUAJIRI

Usiseme hili halikuhusu. Mpeleke dereva wako kwa mwalimu na umlipie wewe, kisha mkubaliane kwa maandishi kuhusu uzito wa mwisho wa kupakia. Na usimpigie simu akiwa njiani kumuuliza amefika wapi. Sisi wenye mali ndio tunaowakimbiza madereva, halafu likitokea tunasema dereva alikuwa mzembe. Ukimwambia awahi soko na umempakia mifuko kumi, wewe umeshashika nusu ya usukani.

Kuhusu gharama, fanya hesabu moja tu. Chukua thamani ya mzigo wako wa safari moja, jumlisha matengenezo ya gari likigonga kidogo tu, jumlisha siku za duka kukosa bidhaa. Weka pembeni na bei ya saa chache za mwalimu. Sijaongeza hospitali kwenye hiyo hesabu, na wala sijaongeza yule mtu wa bodaboda.

Wiki hii fanya mambo mawili: angalia daraja kwenye leseni yako, na angalia tarehe ya mwisho ulipobadilisha mafuta ya breki. Ukimaliza hayo, anza kumtafuta mwalimu wako. Mtumie na mwenzako mwenye kirikuu. Biashara njema, na safari njema.