Filamu ya wauaji na watoto wetu

Filamu "Assassins" ya mwaka 1995 inaonyesha wauaji wawili wa kulipwa. Rath (Sylvester Stallone) amechoka na kazi hiyo. Bain (Antonio Banderas) anataka kumwua ili yeye awe namba moja. Watoto wakiiangalia, wanashangilia mwenye shabaha.

Sisi wa Kiwanja tunakumbuka Novemba 2008, watu wapatao 150 walipouawa hapa kwetu. Katika filamu, mchezaji aliyeanguka huinuka, akarudi nyumbani. Wetu hawakurudi.

Tusiwaachie watoto filamu kama hizi peke yao. Tukae nao, tuwaulize: huyu aliyepigwa risasi, nyumbani kwake nani anamngojea? Jibu lao tulisikilize mpaka mwisho.