Sura ya Tano: Vifaa vya Mkutubi wa Tabora

Kifaa cha maktaba hupimwa vizuri zaidi siku mtandao unapokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Maktaba inayotegemea mtandao peke yake huwa haina vitabu siku kama hiyo. Yenye nakala ndani ya jengo huendelea kuhudumia. Hata siku za kawaida, mwanafunzi wa Tabora mwenye bando dogo hulazimika kuchagua kati ya kutafuta jibu la swali lake na kubakiza akiba ya kuwasiliana na nyumbani. Kwa hiyo vifaa vya kuthaminiwa kwanza ni vile vinavyobeba mzigo wao vyenyewe, kama wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Bagamoyo na furushi la kilo 30 hivi begani.

Cha kwanza katika hivyo ni Kiwix. Programu hii huria, iliyoanza mwaka 2007, hukusanya tovuti nzima katika faili moja ambalo husomeka bila intaneti. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake huingia katika gigabaiti 100 hivi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000, ni nyepesi kiasi cha kutosha katika memori kadi ya simu. Nyingi za makala hizo ni fupi mno, na mkutubi hapaswi kuwaficha wasomaji hilo. Lakini mwanafunzi anayeisoma hiyo ya Kiswahili kwanza, kisha akaifuata ya Kiingereza, huingia katika somo akiwa na pa kushika.

Kiwix hupata nguvu yake kamili inapowekwa ndani ya Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki iliyotolewa Uingereza mwaka 2012. Kisanduku hicho hurusha waifai yake chenyewe. Msomaji hujiunga nayo kwa simu, hufungua kivinjari, na vitabu viko mbele yake bila hata megabaiti moja ya bando kutumika. Kwa kuwa hutumia umeme mdogo wa volti 5, kinaweza kuendeshwa kwa pawabenki au kwa paneli ndogo ya sola yenye betri. Adui yake ni umeme kukatika ghafla wakati memori kadi yake inaandikwa, kwani faili huweza kuharibika na kisanduku kisiwake tena. Fundi mwenye busara hukipitishia umeme kwenye betri muda wote, na huweka kabatini kadi ya pili iliyonakiliwa kamili, ili hitilafu ya saa mbili asubuhi iwe imekwisha kabla ya saa mbili na robo.

La kuweka ndani yake linahitaji uamuzi zaidi kuliko mashine yenyewe. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na mkutubi anayewasaidia wanafunzi kujisajili huko huwa amefanya kazi kubwa. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, hutoa hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni inayoruhusu kuzinakili, kuzichapa na hata kuzitafsiri. Ruhusa hiyo ya mwisho ina uzito Tabora, ambako mtoto huweza kusikia Kinyamwezi kwa bibi kabla hajakutana na Kiswahili cha darasani. Kwa upande wa video, Ubongo Kids, katuni zilizotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo ambazo watoto huondoka wakiziimba.

Vishikwambi vina sifa kubwa na vinadai matunzo makubwa. Jaribio la Global Learning XPRIZE lilivipeleka katika vijiji 170 hivi vya Mkoa wa Tanga kwa miezi 15, kwa ajili ya watoto wengi ambao hawakuwa shuleni, na programu mbili zikagawana ushindi mwaka 2019: Kitkit School na ile ya onebillion. Programu zilizofika fainali ziliachwa huria. Pamoja na vishikwambi, kila kijiji kilihitaji mahali pa kuvichaji kwa sola. Maktaba inayonunua vishikwambi kabla ya kupanga chaji, makasha na mtu wa kuvitunza hununua taka za kesho.

Kwenye meza ya kuazimisha, programu inayostahili nafasi ni Koha. Iliandikwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi inayotarajiwa kurudishiwa nyingine. Haina ada ya leseni, na inaweza kukaa katika kompyuta moja ndani ya jengo. Skana ya mkononi inayosoma mistari myeusi ya nyuma ya jalada huirahisishia kazi: namba ya ISBN yenye 9976 au 9987 baada ya 978 huonyesha kitabu cha Tanzania, na 9966 cha Kenya. Tatizo ni vitabu vya zamani vya Kiswahili visivyo na namba yoyote. Hivyo huandikwa kwa mkono, kimoja kimoja, na mara nyingi ndivyo vyenye thamani kuliko vyote kwenye rafu.

Kuna kundi jingine la zana linaloigusa Tabora kuliko miji mingi: zile zinazorudisha nyumbani maandishi yaliyotoka njia ya misafara iliyopita hapo. Februari 1872 David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika Kwihara, karibu na Tabora, na Livingstone akabaki kwenye tembe hadi Agosti. Mwaka uliotangulia, akiwa Kongo bila karatasi wala wino, alikuwa ameandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea, na wino huo ukafifia. Watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki waliipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, ikiwamo isiyoonekana kwa macho, wakaitoa mtandaoni mwaka 2011, nayo sasa iko katika tovuti ya Livingstone Online. Walipoilinganisha na daftari kubwa linaloitwa Shajara ya Unyanyembe, ambamo Livingstone alinakili habari zake, waliona sehemu zilizobadilishwa, hasa zinazohusu mauaji ya Nyangwe, huko Kongo, ya 15 Julai 1871. Msomaji wa Tabora anaweza leo kuziweka kurasa za shajara hizo mbili sambamba na kuuliza mwenyewe kwa nini, jambo ambalo kizazi kilichopita kisingeliweza hata kwa nauli ya kwenda Uskoti.

Kitabu cha msafiri Mwingereza Richard Burton cha 1860, kinachoieleza Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, aliyoifikia Novemba 1857, hupatikana bure katika Internet Archive. Wasifu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ambaye baba yake aliishi karibu na Tabora, ni hazina zaidi kwa kuwa ni Kiswahili: mwenyewe aliuandika kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akauchapisha kwa herufi za Kirumi Berlin mwaka 1902 na 1903. Maandishi ya umri huo hayabanwi tena na hakimiliki. Tesseract, programu iliyozaliwa katika kampuni ya HP na kufanywa huria mwaka 2005, husoma picha ya ukurasa wa Kiswahili uliopigwa chapa na kuutoa kama maandishi yanayotafutika. Kwa barua iliyoandikwa kwa mkono na kwa herufi za Kiarabu, jicho la mtu aliyesoma chuo cha Kurani bado ndilo la kuaminiwa.

Mwisho ni kinasa sauti. Burton alikiri kwamba habari nyingi alizipata kwa mazungumzo na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Kazeh. Jina lililokaa juu ya jalada ni la Burton. Kinasa sauti kidogo humwezesha msimulizi wa leo kubaki na jina lake. Kinachotakiwa ni chumba tulivu, faili la WAV lisilobanwa, idhini iliyorekodiwa kwa sauti yake mwenyewe kabla ya swali la kwanza, na jina la faili lenye tarehe, kijiji na lugha. Audacity, programu huria, hutosha kukatia na kusafishia, ila faili la asili haliguswi. Nakala za hifadhi huwa tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nje ya jengo kabisa. Nyingine hupewa msimulizi kwenye flashi, na moja nyepesi ya MP3 huingizwa katika kisanduku kile cha waifai, ili mjukuu wake aisikilize kwa simu siku ambayo hana bando.