Ndoo Tatu za Maji

Wajukuu zangu, sogeeni kivulini. Nani ana ndoo ya lita 20? Haya, mmoja achimbe kifereji kwenye mchanga wa korongo hili, hatua kumi tu. Mimina. Mmeona? Maji yameishia hatua ya sita. Hakuna aliyeyaiba, mchanga umeyanywa.

Hivyo hivyo ndivyo maji ya Mto Bubu yanavyopotelea njiani yakielekea majaruba ya mpunga hapa Bahi. Na sisi Dodoma mvua ya kuchezea hatuna: milimita 600 hivi kwa mwaka, tena karibu zote kati ya Desemba na Aprili.

“Babu, si tutie zege?”

Nilijua mtasema hivyo. Kwenye mchanga, sawa. Lakini njooni mbugani, kwenye udongo mweusi. Ingiza mkono katika ufa huo. Umeingia wote! Udongo huu masika hufura kama maharage yaliyolowekwa, kiangazi hunywea. Zege halifuri wala halinywei, kwa hiyo hupasuka. Fundi anayeujua huuondoa kwanza, akashindilia moramu, na kila baada ya hatua chache akaacha upenyo mwembamba, akaujaza lami. Tena zege jipya hunyweshwa maji wiki nzima. Ujanani tulijenga mfereji tukaona uvivu kumwagilia; ulichanika kama magaga ya miguu yangu hii.

Karatasi ya nailoni haivujishi maji, ila ng'ombe wakishuka kunywa, kwato zinamaliza kazi asubuhi moja.

Mimi napenda mawe. Granaiti imetapakaa Dodoma nzima, kuokota ni bure. Ukiyajenga kwa saruji, uso wake hukwaruza na maji hupunguza mwendo kidogo, lakini pakibomoka unarudi na mwiko wako na ndoo ya mchanganyiko, unaziba palepale. Bamba la zege likivunjika, mtalibeba watu wangapi?

Sasa tuchimbe kifereji kingine, hapa hapa kwenye udongo mweusi, bila kitu. Mimina. Ndoo ya kwanza imezama kwenye nyufa, msicheke. Subirini udongo ufure. Ya pili imefika nusu. Haya, ya tatu… kimbia, kimbia, yatakupita!