Mlio wa nyuma katika gari kuukuu: Chunguza kabla ya kununua springi

MAGARI makubwa yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne hayastaafu mapema mashambani. Toyota Prado zilizoundwa kati ya 1996 na 2002, Mitsubishi Pajero na Isuzu Trooper za miaka ya tisini, pamoja na Land Cruiser za muundo wa 70 ulioanza kuuzwa 1984, bado zinabeba walimu, wagonjwa, magunia na waombolezaji katika kaunti za Homa Bay na Migori. Injini zake husifiwa kwa ukakamavu. Kinachochoka kimyakimya ni viungo vinavyobeba sehemu ya nyuma.

Asumbi ni mahali ambapo uchovu huo hujitokeza waziwazi. Kituo hicho kiko kando ya barabara ya lami inayotoka Rongo kuelekea Homa Bay kupitia Rodi Kopany. Kwa kuwa pana misheni ya Kikatoliki, chuo cha walimu na shule za bweni, magari huingia yakiwa yamesheheni watu, masanduku na magodoro, hasa shule zinapofunguliwa. Dereva anayeiacha lami hukutana na changarawe na udongo mweusi, ambao mvua ya masika huugeuza matope na jua likiwaka hukauka ukabaki na makorongo magumu.

Uchovu wa viungo hivyo si suala la starehe tu. Gurudumu linalorukaruka haligusi barabara wakati wote, na gurudumu lisilogusa barabara haliwezi kufunga breki. Kwenye njia inayotumiwa pia na wanafunzi wanaotembea na waendeshaji bodaboda, mita chache za ziada kabla ya gari kusimama zinaweza kugharimu maisha.

Hata hivyo, wamiliki wengi husikia mlio na moja kwa moja huenda kununua springi au shoki mpya, kisha hushangaa mlio ule ule unapoendelea. Fedha zimekwenda, ilhali chanzo hakijaguswa.

Ili kuepuka hasara hiyo, ni muhimu kufahamu kazi ya kila kiungo. Springi hubeba uzito. Shoki, yaani kifyonza mshtuko, huzuia springi kuendelea kudunda baada ya gari kupita kwenye shimo. Katika Prado, Pajero na Trooper za miaka hiyo, springi za nyuma ni za kuzunguka kama parafujo, nazo haziwezi kuishika ekseli mahali pake. Kazi hiyo hufanywa na vyuma virefu vinavyotoka kwenye fremu hadi kwenye ekseli, pamoja na kimoja kinachokingama kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Kila mwisho wa chuma hicho una bushi, ambayo ni mpira uliobanwa ndani ya kikombe cha chuma. Land Cruiser za muundo wa 70 ni tofauti kwa nyuma: vyuma bapa vilivyolaliana hubeba uzito na pia huishika ekseli.

Uchunguzi huanza na yale yasiyogharimu chochote. Jeki, sanduku la spana, gurudumu la akiba na bomba la moshi vyote hugonga vikilegea. Vikazwe au viondolewe, kisha gari liendeshwe tena. Si mara moja ambapo "springi mbovu" imekuwa jeki iliyosahaulika chini ya kiti.

Mlio ukiendelea, gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yakiwa na upepo sawa na mzigo ukiwa umeshushwa. Fundi apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita mbili au zaidi, springi ya upande huo imelegea au imevunjika. Pande zote mbili zikiwa zimeinama kuliko inavyopaswa, zote zimechoka.

Shoki nazo huchunguzwa kwa macho na kwa mikono. Unyevu mwembamba wenye vumbi si hoja kubwa, lakini mafuta yanayotiririka ni ushahidi kwamba shoki imekufa. Kona ya nyuma ya gari ikikandamizwa kwa nguvu na kuachiliwa, inapaswa kupanda na kutulia. Ikiendelea kudunda, shoki haifanyi kazi. Katika gari zito jaribio hili linaweza kuficha ubovu mdogo, kwa hivyo magurudumu pia yatazamwe. Mpira uliolika kwa mabonde mabonde huashiria gurudumu lililokuwa likiruka.

Aina ya mlio nayo ina maana. Mgongo mzito gari linapoanguka kwenye shimo kubwa huonyesha kwamba springi imelegea kiasi cha ekseli kugonga vizuizi vyake. Mgongo mmoja gari linapoanza kuondoka au linapofunga breki huelekeza kwenye bushi za vyuma virefu. Sehemu ya nyuma ikiyumba kwenye kona kana kwamba ina nia yake yenyewe, bushi za chuma kinachokingama ndizo za kushukiwa kwanza. Uvumaji unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka aghalabu hutoka kwenye beringi au gurudumu, wala si springi.

Ushahidi wa mwisho hutolewa na mtaimbo. Fundi huupenyeza kando ya kila bushi na kuusukuma. Mpira mzima hunyumbuka kidogo na kurudi. Ulioisha huruhusu chuma kucheza, huonyesha nyufa nzito au huwa umeachana na kikombe chake. Kwenye springi za vyuma bapa, kila chuma kisafishwe na kuchunguzwa kama kimepasuka, hasa karibu na bolti ya katikati.

Matengenezo yana kanuni zake. Gari lisimamishwe kwenye stendi imara za chuma, wala si mawe au matofali. Kabla ya kufungua shoki, ekseli ishikiliwe kwa jeki, kwa sababu katika magari mengi shoki ndiyo inayoizuia isishuke kupita kiasi. Ikiachiliwa ghafla, springi inaweza kuchomoka na mpira wa breki kukatika. Vyuma virefu vifunguliwe kimoja baada ya kingine ili ekseli isihame.

Springi na shoki hubadilishwa kwa jozi. Mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hufanya gari kuegemea na kuvuta upande. Bushi huingizwa kwa mashine ya kugandamiza. Kuchoma mpira wa zamani kwa moto hutoa moshi wenye madhara, na kupigilia mpya kwa nyundo huweza kuipinda kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Kosa linaloharibu bushi nyingi mpya hutokea mwishoni. Bolti zikikazwa kabisa gari likiwa limening'inia, mpira hujipinda mara tu gari linapokanyaga ardhi, na hubaki umepindika muda wote hadi unachanika. Njia sahihi ni kuzikaza kidogo, kulishusha gari lisimame kwa uzito wake, kisha kuzikaza kikamilifu. Katika Land Cruiser, bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli zibadilishwe badala ya kurudishwa zile za zamani, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Baadhi ya magari haya yana vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, ambayo huamua nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Springi iliyolegea huidanganya vali hiyo kwamba gari limesheheni. Hivyo, baada ya springi mpya kuwekwa, vali ikaguliwe na kurekebishwa ikihitajika.

Zipo njia za mkato ambazo hazifai. Kupachika vipande vya mpira katikati ya springi huinua gari kwa muda, lakini huhamishia pigo kwenye fremu. Kuchomelea springi iliyovunjika ni hatari zaidi, kwa kuwa joto huondoa ugumu wa chuma na kovu hilo ndilo huvunjika tena, pengine gari likiwa limejaa abiria.

Kwa mwenye bajeti finyu, utaratibu ni huu: vitu vilivyolegea kwanza, bushi zilizothibitishwa kuisha, shoki zinazovuja, na springi pale tu vipimo vinapozitia hatiani. Springi iliyovunjika pekee ndiyo isiyongoja zamu, na gari hilo lisibebe abiria hadi litengenezwe.