Dawa ya Ng'ombe kwa Mgongo Wako? Cheki Vile Inazima Homoni za Kiume

Umetoka mjengo, mgongo umekataa kunyooka. Beshte anakushow kuna kachupa hapo agrovet, ka ng'ombe anayechechemea, bei ya kutupa. Sindano moja na asubuhi uko fiti. Si uongo, maumivu yanaweza kuisha. Shida ni kile kingine kinachoisha nayo.

Hako kachupa mara nyingi ni deksamethasoni, mtaani deksa. Ni steroidi, lakini usiichanganye na zile za wasee wa jimu. Zile ni ukoo wa testosteroni. Hii ni ukoo wa kotisoli, homoni ya stresi, na hizo koo mbili haziivani.

Iko hivi. Testosteroni haianzi huko chini, inaanzia kichwani. Ubongo unatuma ishara kwa tezi ndogo iliyo chini yake, tezi inamwaga homoni inayoitwa LH kwa damu, LH inafika kwa korodani na kuziambia: pikeni. Deksa ikijaa, mwili unadhani uko kwa janga, na kwa janga nani anafikiria kuzaa? Ishara inafifia, na korodani zenyewe zinapunguza moto. Miaka ya 70 watafiti walidunga fahali deksa, LH na testosteroni zikashuka. Fahali, manze!

Sasa piga hesabu. Ng'ombe mkubwa anaweza kudungwa mg 20 mara moja. Kidonge kidogo cha binadamu kina mg 0.5. Hiyo ni vidonge 40 kwa mpigo. Kumbuka Covid ilipochacha, mgonjwa wa oksijeni alipewa mg 6 kwa siku, mwisho siku 10, na daktari yuko hapo.

Unasema utahamia zile za maumivu zisizo steroidi? Pole pole. Utafiti uliotoka 2018 ulichukua wanaume 31 wa miaka 18 hadi 35, wengine wakameza ibuprofeni mg 1,200 kila siku kwa wiki 6. LH yao ilipanda, testosteroni ikabaki pale pale. Yaani kichwa kinapiga kelele zaidi ndio korodani zifanye kazi ile ile. Na hiyo ni dawa ya watu, dosi ya watu (kidonge kimoja cha kichwa kuuma si noma, tulia). Fluniksini ya agrovet haijaidhinishwa kwa binadamu hata kidogo.

Kama umejidunga deksa wiki kadhaa, usikate ghafla leo usiku. Tezi zilizo juu ya figo zako huenda zimelala, presha inaweza kuanguka uzirai. Enda hospitali na hiyo chupa mkononi, useme umetumia ngapi na tangu lini. Ukiandikiwa kipimo cha testosteroni, fika asubuhi, ndio huwa juu. Na usiwashow ati ilikuwa ya ng'ombe wa jirani.