Fahamu: Mgeni anavyopata laini ya simu Marekani

Mhamiaji anayefika Marekani hukuta njia mbili. Ya kwanza ni mkataba wa bili ya kila mwezi. Kampuni huchunguza kwanza historia ya mikopo ya mteja, na mara nyingi hudai namba ya hifadhi ya jamii. Aliyeshuka kwenye ndege juzi hana historia hiyo, hata kama alilipa madeni yake yote kwa uaminifu Kigoma au Bukavu. Hukataliwa, au huambiwa aweke dhamana.

Njia ya pili, iliyo bora kwa kuanzia, ni kulipia kabla. Laini huuzwa hata supamaketi, bila uchunguzi wa mikopo.

Kinachowakwamisha wengi ni simu yenyewe. Mitandao mikubwa ilizima 3G mwaka 2022, hivyo simu isiyoweza kupiga kupitia 4G huenda isipige kabisa. Kubonyeza *#06# huleta namba ya utambulisho ya tarakimu 15, ambayo kampuni huitumia kuangalia kama simu inafaa. Iliyofungwa kwa mtandao mmoja lazima ifunguliwe kwanza.

Baadaye, mteja akihamia kampuni nyingine, ana haki ya kuhama na namba yake.