Bukavu: Vikwazo vya Marekani kwa watuhumiwa wa rushwa, mwananchi anapata nini?

Corneille Nangaa aliposimama mbele ya wakaaji wa Bukavu kwenye Place de l'Indépendance, tarehe 27 Februari 2025, katika mkutano ulioishia kwa milipuko na vifo, watu walimtazama kama kiongozi wa AFC/M23, waliouteka mji siku chache tu mbele ya hapo. Lakini kwenye orodha ya vikwazo ya wizara ya fedha ya Marekani, jina lake liliingia zamani, na si kwa ajili ya vita. Liliingia tarehe 21 Machi 2019, kwa tuhuma za rushwa na kuvuruga uchaguzi, akiwa angali mkuu wa tume ya uchaguzi, CENI.

Siku hiyo hakuwa peke yake. Aliwekewa vikwazo pia makamu wake, Norbert Basengezi Katintima, ambaye Bukavu inamjua vizuri kwa kuwa aliwahi kuwa gavana wa Kivu ya Kusini, pamoja na mwana wa Katintima, Marcellin Basengezi, mshauri ndani ya CENI. Washington ilidai kwamba wakubwa wa CENI waliongeza hadi dola milioni 100 juu ya bei ya mashini za kupigia kura za mwaka 2018, na kwamba Nangaa aliamuru wafanyakazi watengeneze risiti za uongo ili kufunika pesa zilizotumiwa kwa faida binafsi. Nangaa alikana. Na vikwazo ni uamuzi wa serikali ya Marekani, si hukumu ya korti.

Nguvu iko kwenye dola

Mtu akiingia kwenye orodha, mali yake yote iliyo Marekani inafungwa: hawezi kuiuza wala kuihamisha. Kampuni anayomiliki kwa nusu au zaidi inafungwa pamoja naye. Wamarekani wanakatazwa kufanya naye biashara.

Kwa Kongo, ambako nyumba, kiwanja na gari huhesabiwa kwa dola, hilo lina uzito. Dola zinazotumwa kutoka banki ya inchi moja hadi inchi nyingine hupita karibu zote kwenye banki za Marekani. Banki ya Kinshasa inayomhudumia mtu wa orodha inaweza kufungiwa njia hiyo. Ndiyo sababu banki nyingi humkimbia mapema.

Lakini mwenye njia nyingine hapungukiwi sana. Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israel na rafiki wa Raisi wa zamani Joseph Kabila, aliwekewa vikwazo Desemba 2017. Marekani ilisema kwamba kati ya 2010 na 2012 peke yake, Kongo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1.36 kwa migodi iliyouzwa kwa bei ya chini kwa kampuni zenye kufungamana naye. Yeye anakana kosa lolote. Juni 2018, kampuni ya Glencore, iliyopaswa kumlipa sehemu yake ya mapato ya migodi, iliamua kumlipa kwa euro.

Hata hivyo vikwazo vilimbana. Februari 2022, kampuni yake ilikubali kurudishia serikali ya Kongo mali za madini na mafuta zilizokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 2 hivi.

Vita haiendi na hundi

Kwa Nangaa mambo yalikwenda tofauti. Desemba 2023 alitangaza AFC huko Nairobi. Julai 2024 Marekani ikaiweka AFC yenyewe kwenye orodha. Miezi saba baadaye, Bukavu ilikuwa mikononi mwa AFC/M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya koltani ya Rubaya iliingizia M23 takriban dola 800,000 kila mwezi. Pesa ya namna hiyo hutembea mkononi, na aliye New York hawezi kuifunga.

Waliofungiwa banki kwa kweli ni wengine. Tangu Februari 2025, vita ilifunga milango ya banki za Bukavu. Mwalimu wa Kadutu au muuguzi wa Bagira, asiye kwenye orodha yoyote, alilazimika kuchukua mushahara kwa simu na kukatwa komisheni, au kuvuka Ruzizi kutafuta makuta ng'ambo.

Tena, pesa iliyofungwa Marekani hairudi Kongo. Inabaki kwa jina la mwenyewe mpaka siku atakapoondolewa kwenye orodha. Kuirudisha kwenye hazina ya taifa kunahitaji kesi, ushahidi na hukumu. Kazi hiyo ni ya korti za Kongo na wakaguzi wa IGF, na Washington haiwezi kuifanya mahali pao. Bila kesi hiyo, mtuhumiwa anaweza kukosa banki miaka mingi, na bado mwananchi wa Kivu ya Kusini asione hata franka moja ya kilichoibwa.